Kichwa cha Msusi

Jina la Mkono Mwepesi msusi huyu alipewa na mteja aliyesinzia akisukwa, nalo likashika. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, benchi na kikaushio kinachonguruma kama mashine ya kusaga. Humo wanawake walisukwa misuko midogo midogo bila kukunja uso. Mwenyewe alisuka yake ikabana kichwani, inang'aa.

"Kichwa changu ndicho bango langu," alizoea kusema.

Kilichomtesa ni kipandauso. Vilianza vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha upande mmoja wa kichwa ukagonga, mwanga ukawa adui, na harufu ya mafuta ya nywele ikamtia kichefuchefu. Mara ya mwisho alimwacha mwalimu wa shule ya jirani katikati: kulia misuko, kushoto nywele zimesimama. Mwalimu alijifunga kitambaa akaondoka kimya. Kimya kile kilimuuma msusi kuliko matusi.

Mdogo wake, aliyekuwa akiosha wateja nywele, hakumficha.

"Dada, tukimwachia mtu mwingine kichwa nusu, tufunge saluni tukauze maji."

"Si nakunywa vidonge?"

"Unavitafuna kama karanga, na bado unalala sakafuni. Nenda kwa yule mtaalamu wa tiba ya sindano, ile ya Kichina."

"Sindano za kushonea nywele zimenitoboa vya kutosha."

"Hizo zilikutoboa bure."

Akaenda. Mtaalamu alikuwa na chumba juu ya duka la dawa: kitanda chembamba, pazia, beseni la kunawia. Sindano zake zilikuwa nyembamba kama unywele, na kwa hilo tu msusi akamheshimu. Mtaalamu alimuuliza habari za usingizi, chakula na vidonge. Kisha akasema, "Itabidi ufumue, mama. Nyingine naziweka kichwani."

"Hapana, daktari, hilo tuliache. Ziweke kwenye njia." Alimaanisha ile mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko.

Mtaalamu alisita, akakubali. Alimchoma mikononi, miguuni, shingoni na kwenye njia. Ilikuwa kama kuumwa na sisimizi aliyeghairi katikati. Msusi akapitiwa na usingizi.

Jioni mdogo wake alikuwa akimpaka mafuta kichwani, akaruka.

"Dada! Una sindano humu!"

Moja ilikuwa imesahaulika, imelala kati ya misuko.

Kesho yake msusi alipanda zile ngazi amefura, sindano ameifunga kwenye karatasi. Mtaalamu aliipokea kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu. Sikuhesabu vizuri nilipozitoa, na sikupaswa kuchoma nisipoona. Nisamehe, mama. Ila kichwa hiki sikigusi tena mpaka kifumuliwe."

Hasira zikamwishia. Yeye mwenyewe amesahau vibanio vingapi kwenye vichwa vya watu? Ikabaki hofu, kwa kuwa alijua kilichokuwa chini ya ile misuko.

Aliporudi alifunga mlango wa saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fumua."

Mdogo wake akafumua. Pembeni mwa paji la uso, mpaka karibu na masikio, hapakuwa na nywele. Ngozi ilikuwa laini kama kiganja. Miaka yote misuko ya nyuma ilivutwa mbele kupaziba.

"Kumbe mkono mwepesi ni wa wateja tu," mdogo wake alisema. "Wewe umejisuka kama unafunga mzigo."

Wakatazamana kiooni, wakacheka hadi machozi.

Aliporudi kwa mtaalamu kichwa kikiwa wazi, mtaalamu hakushangaa. "Sisemi misuko ndiyo iliyoleta kipandauso," alisema. "Lakini kichwa kinachouma hakitaki kuvutwa." Akaendelea kumchoma wiki baada ya wiki. Kipandauso hakikuhama, ila kilipunguza safari: kilichokuwa kikija karibu kila wiki kikawa kinapita mwezi hakijaonekana. Vidonge navyo vikakaa koponi. Na vimulimuli vikianza, msusi haanzi kichwa cha mtu.

Mwalimu alirudi asubuhi moja. Alimkuta msusi amejifunga kilemba. Misuko ya bango sasa iko kichwani mwa mdogo wake.

"Leo utanimaliza?"

"Kaa, mwalimu. Leo naanzia kushoto."

Alipomaliza, mwalimu alijipapasa kulia, kisha kushoto, ndipo akasimama.