Nakuazima, Sikupi

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Kivinje alimleta mwanawe shuleni kwangu. Alimsukuma mbele kidogo kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, huyu nimekupa. Mfanye utakavyo, ukipenda karani, ukipenda seremala." Kisha akaenda zake shamba, jembe begani. Maneno yenyewe ni ya kawaida, wazazi wengi huyasema. Mimi yalinikaa kifuani kutwa, kwa sababu nyumbani kwetu mtoto hakutolewa. Mtoto aliazimwa.

Pengine wewe ulikulia mahali penye chakula, kwa hiyo ngoja nikueleze. Nilikuwa mdogo sana vita vya Majimaji vilipopita kwetu, upande wa Njinjo, watu wa bara walipowainukia Wadachi, yaani Wajerumani. Bunduki sizikumbuki. Nakumbuka harufu ya ghala lililoungua, mtama ukiwa makaa, na bibi yangu akinitembeza njia ya Tingi kuja Kivinje, kichwani amebeba kapu la ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu wa kusini tunavichimba tukikosa kingine. Wazazi wangu hawakuja nasi. Kwa miaka mingi nilipouliza kwa nini, bibi alinipa kazi ya kufanya.

Mjini njaa ilikuwa imetutangulia. Watu waliweka watoto rehani: unamwachia mwenye chakula mwanao, unapewa mtama, na mtoto anabaki kule mpaka siku utakapoweza kumkomboa. Wengi siku hiyo hawakuiona. Bibi alikataa. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye nyumba ya mtu mwenye kazi yake, akasimama kizingitini na kusema, "Nakuazima, sikupi. Atakusaidia kutwa, utamlisha mchana, kabla ya magharibi nakuja kumchukua." Majirani walisema desturi hiyo aliirithi kwa mama yake, yeye akisema ni yake mwenyewe. Sijui nimwamini nani. Ninachojua ni kwamba kila siku kabla ya adhana nilimwona akija, kanga yake imefifia rangi hata maua yake hayaonekani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi wa kofia. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yameanza kupungua nuru. Mchana mkewe alitupa uji wa mtama na kipande cha papa mkavu, na mpaka leo nikisikia harufu ya papa akichomwa, vidole vyangu vinatafuta sindano. Nilimuuliza fundi kwa nini vitundu vya kofia vizungushwe uzi mara mbili, kwa nini rangi iwe nyeupe, kwa nini asitengeneze kofia ya mraba. Bibi alipokuja kunichukua, fundi akamwambia, "Mjukuu wako anauliza kuliko anavyokula."

"Basi mwongeze chakula," bibi akajibu, "mdomo upate shughuli."

Baadaye nikaazimwa kwenye ua wa sandarusi, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe ardhini. Wachimbaji walileta vipande kutoka bara vikiwa vimevaa udongo, nasi tuliviloweka katika maji ya magadi, tukavisugua mpaka vikang'aa kama asali iliyoganda. Ua mzima ulinukia kama ubani. Siku moja nilipata kipande chenye mdudu ndani, miguu yake yote ipo. Nikamuuliza msimamizi aliingiaje humo. Akanitazama, akasema, "Aliingia kwa kuuliza maswali." Ua wote ukacheka, na kwa wiki nzima wakaniita Mdudu.

Njiani kurudi nyumbani bibi hakuniuliza nimefanya nini wala nimejifunza nini. Aliuliza swali moja tu, siku zote lilelile: "Haya, mume wangu, leo kimechoka nini, mikono au moyo?" Nikisema mikono, kesho nilirudi palepale. Nikisema moyo, aliguna, na baada ya siku chache alinitafutia mlango mwingine. Kwa seremala nilisema mikono. Kwa mpika chumvi nilisema moyo kabla hajamaliza kuuliza.

Njaa ilipokwisha nikaingia shule, lakini kuazimwa hakukukoma. Siku zisizo za masomo bado nilikuwa na nyumba ya kwenda. Shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja kijana, mtu wa Tanga, kanzu yake imenyooka kuliko mistari aliyotuchorea ubaoni. Tulimpenda. Alitufundisha kuandika, hesabu, na nyimbo za Kidachi tulizoimba bila kuzielewa. Lakini darasa la mwisho lilipofika wakati wa kugawiwa kazi, alitupanga jinsi alivyopangwa yeye: warefu uaskari, wenye mwandiko mzuri ukarani, waliobaki karakana ya useremala. Ilimalizika kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nikapangiwa kuwa karani wa akida, yule mtawala mdogo aliyewekwa na Wadachi kukusanya kodi huko bara. Na bara yenyewe ilikuwa Njinjo, kwa ndugu zetu.

Nilipomwambia bibi, aliweka chini mchi wa kutwangia, akajifunga kanga ya pili, akatoka. Nilimfuata nyuma mbio. Tulimkuta mwalimu akifuta ubao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umempa akida mjukuu wangu."

"Ni cheo, bibi. Atavaa viatu."

"Viatu hata punda wa mzungu anavyo. Ameonja?"

"Ameonja nini?"

"Hiyo kazi. Mchuzi tu unauonja kabla ya kuutia chumvi. Mtoto wa watu unammwaga hivihivi? Mimi nilikuazima, sikukupa."

Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa wakubwa wengi, kipaji cha kubadili nia mbele ya watu. Akasema niende wiki moja na karani aliyekuwapo, nione, kisha nirudi.

Nikaenda. Karani yule hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichanganya. Alikuwa mpole, alinigawia maembe yake. Tulifika kijiji ambacho nusu ya nyumba zake zilikuwa misingi tu, nyasi zimeota palipokuwa na vitanda. Watu walipanga mstari. Mwanamke mmoja alinitazama usoni sana, akaniuliza kwa Kimatumbi, lugha ya kwetu, mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la baba. Akaitikia kwa kichwa, akageuka kwa karani, akasema kwa Kiswahili hana cha kutoa, na hakunitazama tena.

Wiki ilipokwisha nilirudi Kivinje, jioni. Bibi alikuwa mlangoni. "Haya, mume wangu, kimechoka nini?" Niliketi kizingitini. Akanitengea ugali na kunde, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza, na ndipo kwa mara ya kwanza akanieleza kwa nini wazazi wangu hawakuja nasi: walibaki kulilinda ghala lile, na askari wa Wadachi wakalichoma wakiwamo.

Asubuhi mwalimu naye aliniuliza swali lilelile, maneno yaleyale. Nadhani alikwenda kwa bibi kujifunza. Nikasema moyo. Akafuta majina yote ubaoni. Kwa majuma yaliyofuata darasa zima liliazimwa mjini, huyu kwa fundi wa saa, huyu kwa mpishi wa boma, huyu kwa mganga wa sindano, na jioni alikaa barazani kutuuliza mmojammoja. Mimi aliniweka na watoto wa darasa la kwanza. Jioni ya siku ya kwanza nilimwambia sauti imenikauka, mikono imejaa vumbi la chaki, na kesho nataka kurudi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu.

Lakini akida hakukosa karani. Alikwenda mwenzangu wa benchi moja, ambaye alipoulizwa alisema hakuna kilichochoka, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wakingoja ale serikalini wapate nao kula. Nimelifikiria jibu lake miaka hii yote. Swali la bibi lilikuwa zuri, lakini lilimfaa mtoto mwenye mtu wa kumsubiri mlangoni.

Bibi amezikwa Tingi. Mwalimu aliondoka na vita vya Wadachi na Waingereza, hajarudi. Ua wa sandarusi umekuwa zizi la mbuzi, na ukipita baada ya mvua ardhi bado inanukia. Na mimi sasa nimeletewa amri kutoka juu, niwagawe wanafunzi wangu vilevile: mwandiko mzuri, ukarani.

Juzi yule mama aliyenipa mwanawe alipopita nilimwita. Nikamwambia, "Mwanao usinipe. Niazime. Na akirudi jioni, muulize kilichochoka ni mikono au moyo."

Akacheka. "Mwalimu, jioni mimi mwenyewe nimechoka vyote viwili."

"Kipi zaidi?"

Alishusha jembe begani polepole, akaketi kwenye ngazi ya shule, akatazama mikono yake muda mrefu.