Mzee Aliyesimama Nje ya Mlango

Mwaka jana nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu hadithi fupi ambayo wengi huiona rahisi. Mzee anasikia kwamba mwanawe ni mgonjwa. Anatembea hadi kwake, anafika mlangoni, anamsikia akikohoa ndani. Anainua mkono. Mvua inaanza kunyesha. Hadithi inaishia hapo, na mwandishi anaenda zake kula.

Mwongozo wa walimu, ulioandikwa na mtu asiyetujua, unasema mzee alibisha na wakapatana. Niliucheka miaka yote. Shule yetu ni ya bweni, karibu na Ogembo, na nilipouliza darasani mzee alifanya nini, mikono ilijaa hewani kabla sijamaliza swali.

"Hakuingia, mwalimu. Baba haingiangi kwa nyumba ya kijana yake."

Darasa likakubali, nami nikafurahi. Sisi Wagusii tuna chinsoni, heshima inayomzuia baba kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua iwe ya mawe, atasimama nje. Nikaandika ubaoni kwamba mzee aligeuka akarudi kwake, na kwamba kurudi huko kulikuwa upendo. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilikuwa na sababu zangu.

Mwanangu anaishi hatua thelathini kutoka kwangu, ng'ambo ya migomba. Siku tuliyomzika mama yake alichelewa kufika kutoka Nairobi, akakuta kaburi limeshafukiwa, nami nikamwambia mbele ya waombolezaji wote arudi alikotoka. Baadaye kazi ilimwishia, akaja kukaa katika nyumba aliyoijenga alipooa. Mkewe hakumaliza mwezi, akaenda kwao Nyamira. Tukabaki wanaume wawili, kila mmoja na sufuria yake. Asubuhi niliona moshi wake, naye bila shaka aliona wangu. Hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Siku ya Sabato kanisani, watu waliponiuliza hali yake, niliwaambia yuko salama, kisha nikaongeza kwamba wanajua mimi siwezi kuingia kule. Waliitikia kwa heshima. Nakiri mila ilinifaa sana kwa miaka miwili tuliyokaa hivyo, ingawa nilikuwa mpweke hadi nikawa nasahihisha insha kwa sauti, ili nyumba iwe na mtu anayeongea.

Sasa, kwenye dawati la nyuma kulikuwa na msichana kutoka Kisii mjini, wa familia ya Kiislamu, ambaye mama yake anauza mitumba katika soko la Daraja Mbili. Mkono wake ulikuwa juu muda mrefu. Nilimpa nafasi kwa sababu tu wengine walikuwa wamemaliza.

"Mwalimu, sawa, asiingie. Lakini si angemuita tu akiwa hapo nje?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Hakuna mila yetu inayomkataza baba kuita. Nikawaambia kengele inakaribia kulia, na haikuwa inakaribia hata kidogo.

Saa kumi na moja jioni nilivuka migomba nikiwa bado na chaki kwenye vidole. Mlango wake ulikuwa umerudishwa, na ndani redio ilikuwa ikisoma habari. Nilisimama uani nikitafuta neno la kwanza, mimi ninayelipwa kwa kusema. Niliogopa atanyamaza. Niliogopa pia atatoka, maana sikuwa nimepanga la kumwambia zaidi ya kwamba nilikosea siku ile ya mazishi. Nikaliita jina lake. Redio ikazimwa.

"Nani?" akauliza.

Hakuwa ananitania, najua akitania huwaje. Sauti yangu ilikuwa imempotea.

"Ni mimi," nikasema. Basi ikanibidi niongeze, "Baba yako."