Dashibodi Niliyoivuta Kabla ya Jua

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba hapa Kasulu, mwanangu, baridi imekaza mpaka mtu akisema neno unaona moshi unamtoka mdomoni. Nilikuwa na umri kama wako, ishirini na kidogo, nguvu tele na masikio machache. Nilikuwa najifunza kazi kwa Fundi Bukuru, nyuma ya soko, na kazi yenyewe ni hii hii unayonikuta nayo mpaka leo: kushona mabampa yaliyopasuka na kurudisha plastiki za ndani ya gari zilizong'oka, yaani dashibodi, vifuniko vya milango, dari na vikorokoro vyake.

Usicheke neno kushona. Bampa hushonwa kweli. Unatoboa vitundu pande zote mbili za ufa kwa msumari wa moto, unapitisha waya mwembamba, unayeyusha juu yake kipande cha bampa jingine lililokufa, kisha msasa, kisha rangi. Nyie siku hizi mnaagiza jipya kwa simu, linaletwa na basi. Wakati ule lami huku tulikuwa tunaisikia redioni tu. Mvua zikianza, magari ya Kibondo na Kakonko yanalala mitaroni, na bampa jipya lazima litoke Dar es Salaam. Mtu wa kawaida angelipata wapi? Akija kwetu anaondoka na bampa lake mwenyewe, lina kovu lakini ni zima, na hela ya kula imebaki mfukoni.

Pale gereji tulikuwa vijana wawili. Mwenzangu aliitwa Byamungu, Mkongo, familia yake ilikuwa kambini Nyarugusu. Alipewa kibali cha kutoka kwa sababu ya kazi, na Jumapili alirudi kambini kwa mama yake. Mimi nilikuwa mtu wa mabampa, yeye alikuwa mtu wa ndani. Ee, yule kijana alikuwa na mikono. Dari la gari lililoning'inia kama nepi, yeye analirudisha mpaka mwenye gari anauliza kama limebadilishwa. Tulikula sahani moja, ugali wa muhogo na maharage, na siku ya neema samaki wa mgebuka. Aliimba nyimbo za kwaya huku anapasha msumari, na mimi nikikosea kuitikia ananirudisha mwanzo. Sijapata tena rafiki wa namna ile. Nakuambia hivyo mapema ili ujue ninachokisema ni kitu gani.

Fundi Bukuru alikuwa Muha wa Heru Juu, mtu wa maneno machache. Alikuwa na sharti moja kwa miezi ya baridi: plastiki ya ndani ya gari haiguswi mpaka jua liipige. Ikilala na baridi inakuwa kama kigae, ukiivuta inapasuka. "Buhorobuhoro ni rwo rugendo," alituambia kwa lugha ya nyumbani, polepole ndio mwendo. Kwa hiyo asubuhi za mwezi wa saba tulifagia, tuliwasha mkaa, tulikunywa uji, tukangoja. Mimi kungoja kulinishinda tangu utotoni.

Siku hiyo kulikuwa na gari dogo la mfanyabiashara mmoja wa maharage kutoka Kakonko. Lilikuwa limeingia mtaroni, bampa limepasuka na dashibodi imelegea upande wa kushoto. Bampa nilikuwa nimeshalishona jana yake. Dashibodi ilikuwa ya Byamungu, na mwenye gari alikuwa amemsifu mbele yangu, kwamba huyu ndiye fundi, amtengenezee vizuri kwa sababu Jumamosi lile gari litambeba binti yake kanisani. Mimi na bampa langu sikutajwa. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Mtu mzima nimetafuta jina lingine la kistaarabu, sijalipata.

Byamungu akaenda kuchukua mkaa. Jua lilikuwa bado halijavuka paa la soko. Nikasema moyoni, leo akirudi atakuta nimeshaitoa, wajue na mimi ninaweza. Nikaingia, nikashika dashibodi kwa mikono miwili, nikavuta. Ikalia kacha. Ufa ukatembea kutoka kwenye tundu la hewa mpaka kwenye kiboksi cha makaratasi, wazi kabisa. Nikairudisha mahali pake, nikaibana kwa kiganja mpaka ufa ukajificha, nikatoka nikashika msasa na kuanza kusugua bampa ambalo halikuhitaji kusuguliwa.

Jua lilipopanda, Byamungu akaingia kwenye gari. Aliigusa tu, kwa adabu zake zote, ikamkatikia mikononi vipande viwili. Na bahati ilivyo na kisirani, mwenye gari alikuwa ndiyo anaingia na Fundi Bukuru.

Bukuru akamuuliza, "Umeivuta kabla ya jua?"

Byamungu akaniangalia. Hakunikazia macho, aliniangalia kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza. Nikainama, nikaendelea na msasa. Byamungu akasema, "Imevunjikia kwangu, fundi."

Mwenye gari alifoka. Alisema mkimbizi huyu asiguse tena gari lake, na asipoondoka hapo yeye na wenzake wa Kakonko watatafuta gereji nyingine. Sasa sikiliza jambo la aibu. Wazazi wangu mimi waliingia nchi hii kwa miguu kutoka Burundi, na mikeka kichwani. Neno lile alilotukanwa nalo Byamungu lilikuwa langu pia. Uraia wa wazazi wangu ulikuwa bado mbichi, na bado nikamwacha mwenzangu alibebe peke yake. Fundi Bukuru alimwita pembeni, akamwambia apumzike nyumbani mpaka mambo yapoe. Byamungu alikunja shati lake la kazi, akaniambia, "Tutaonana, ndugu," akaondoka. Na mtu wa kambini asiye na kazi ya nje hana cha kuombea kibali, kwa hiyo kupumzika kule kulikuwa kufukuzwa.

Dashibodi ile tuliishona mimi na Bukuru, binti akaenda kanisani, na mimi nikapewa kazi za ndani za Byamungu. Nikawa nasifiwa. Kila sifa niliipokea kama yangu. Nikajiambia Jumapili nitaenda kambini nimwombe radhi, halafu nimweleze fundi ukweli amrudishe. Jumapili hiyo baiskeli ilikuwa na pancha. Iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Iliyofuata nilikuwa nimechoka. Mwenye haya akitafuta sababu hakosi, mwanangu, hata kuku akipita mbele yake anaona ni sababu. Mwezi wa saba ukaisha, wa nane, wa tisa, mvua zikaanza.

Siku moja nikasikia sokoni kwamba watu wa Nyarugusu wanaitwa kwa majina, wanapanda mabasi kwenda kuishi ng'ambo. Sikumaliza kununua nilichofuata. Nilipanda baiskeli na tope lile, nikaanguka mara mbili, nikafika kambini mchana nimekuwa mwekundu mpaka kwenye nyusi. Nikauliza, nikaelekezwa. Nyumba yao niliikuta wazi, mlango umeng'olewa, ndani hakuna hata kigoda. Jirani, mama mmoja wa makamo, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni kwake.

"Balishaenda," akaniambia kwa Kiswahili chao. "Bisi ilibabeba juzi." Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye tope la miguu. "Weye njo ule wa Kasulu? Wa gereji?"

Nikasema ndiye mimi.

"Alikungoya," akasema. "Kila Jumapili aliweka kiti hapa inje. Alisema, nilimuona na macho yangu akivuta ile kitu, lakini atakuya yeye mwenyewe kuniambia, ni ndugu yangu. Hata siku ya bisi alikuwa anaangalia njia."

Nilikaa chini palepale, kwenye tope. Yule mama aliniletea maji nikashindwa kuyanywa. Kumbe Byamungu alikuwa amerudi na mkaa mapema kuliko nilivyodhani, akaniona. Angeweza kuninyooshea kidole mbele ya wote, na hakufanya hivyo. Aliniachia mimi nafasi ya kusema, akaniachia Jumapili zote zile, na mimi nikazitumia kutafuta pancha.

Niliporudi nilimweleza Fundi Bukuru kila kitu. Nilitegemea anipige au anifukuze. Yeye akasema, "Dashibodi nilikusaidia kuishona. Hili sina waya wake." Akaingia ndani. Hakulitaja tena mpaka alipofariki, na mpaka alipofariki hakuniajiria mwenzangu mwingine.

Nimemtafuta Byamungu. Vijana wamenitafutia kwenye simu zao, wananionyesha picha za watu wanene waliovaa makoti, wananiuliza, ni huyu mzee? Siyo. Nikisikia Kiswahili cha Kongo sokoni bado nageuka. Nikiwa nashona bampa peke yangu naimba ile kwaya, nikifika penye kiitikio nanyamaza kidogo, halafu naendelea. Nimemkumbuka mpaka sura yake imeanza kunichanganya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Nami nangoja. Umri wenyewe unauona.

Basi mwanangu, hiki ndicho nilichokuitia. Kwenye kazi za mikono utavunja, hakuna fundi asiyevunja. Ukivunja, sema. Sema siku ile ile, kabla mwingine hajalaumiwa kwa ajili yako. Na kama ulinyamaza ukachelewa, nenda leo na tope lako, usingoje likauke. Radhi ina mtu wake. Akishaondoka, utawaombea radhi watu wote wa mjini na bado utabaki nayo.

Mungu akupe mikono mizuri, na akupe ulimi unaowahi kuliko aibu. Akupe mwenzako wa kula naye sahani moja, na akulinde usimfanye kama nilivyomfanya wangu. Akutembeze mbali kuliko nilikofika mimi, na huko utakakofika, ukikutana na mtu anayeitwa Byamungu aliyewahi kushona magari Kasulu, msalimie. Mwambie ni mimi niliyeivuta. Anajua. Wewe mwambie tu kwamba nimesema.