Bugi ya Jumapili na Mgomba wa Baba

Harufu ya petroli ya jenereta bado hunisimamisha njiani. Wengine ikiwapata hukumbuka safari. Mimi hukumbuka ukumbi wa mabati nyuma ya nyumba za kulala wageni pale Malaba, Jumapili saa nane mchana, katikati ya miaka ya sabini, na vijana wanne wenye nywele timtim wakiunganisha magitaa yao ya umeme. Walitoka ng'ambo, Uganda, wakakwama upande wetu kwa sababu kurudi chini ya utawala wa wanajeshi kulikuwa hatari. Walijiita Wana wa Reli. Muziki wao ulikuwa roki, lakini roki ya huzuni, ya polepole, gitaa likivutwa mpaka unahisi linakusema wewe. Kanisani tuliambiwa zile ni kelele za shetani. Kama ni za shetani, basi shetani naye amefiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumbani kwetu kulikuwa kumezizima. Baba, fundi wa baiskeli, alivuka mpaka Alhamisi moja kwenda Tororo kununua spoki, hakurudi. Siku zile wengi walivuka wakapotelea huko. Baada ya miezi saba dereva mmoja wa lori alituletea kofia yake, imekanyagwakanyagwa, akasema tusimngoje tena. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake, ndipo watu walie na matanga yaishe. Baba mdogo Wafula alikuja mara tatu kumsihi Mama. "Shemeji, tukate mgomba, tumlaze ndugu yangu." Mama alimpa jibu lile lile: "Mume wangu si ndizi." Kila jioni alimpakulia Baba ugali na dagaa wa omena, akafunika sahani, na asubuhi sisi watoto wanne tulikula kiporo hicho kwa haya, maana ilikuwa kama kumwibia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mama hakulia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Mdogo wangu wa mwisho akaacha kusema kabisa. Mama naye alikonda mpaka gauni likawa linamning'inia, nikaanza kuogopa kwamba tutazika wawili. Nilimchukia kwa ukaidi ule, sitaficha.

Ndipo nikaanza kutoroka kwenda bugi, ndivyo tulivyoziita dansi za Jumapili mchana. Sikucheza. Nilisimama karibu na spika nikalia mpaka kola ikalowa, na hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu gitaa lilikuwa likilia kunishinda. Nikirudi nyumbani niliweza kula.

Jumapili ya nne Mama alinifuata na fimbo ya mpera. Alipenya katikati ya vijana wenye suruali pana chini, akanishika sikio. "Nekesa, baba yako hajarudi nyumbani, na wewe unacheza dansi?" Wakati huo mwimbaji, kijana mwembamba mwenye jino lililovunjika, alikuwa kwenye wimbo wao wa polepole kuliko zote, wenye maneno machache tu, akiuliza nani amemwona ndugu yake. Vidole vya Mama vikalegea sikioni mwangu. Akakaa juu ya kreti la soda, akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa binadamu. Wanamuziki waliogopa, wakaacha kupiga. Ikabaki jenereta peke yake. Mama akainua uso, machozi na kamasi vikimtiririka, akawaambia, "Nani amewaambia mnyamaze? Pigeni." Walipiga wimbo ule mara nne. Hakuna aliyelalamika kwamba alilipa kiingilio ili acheze. Wengi wao walikuwa wametoka ng'ambo, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kulia na wao.

Jioni hiyo Mama alipakua sahani tano badala ya sita. Kesho yake alishika panga akakata mgomba mwenyewe, bila kumsubiri hata Wafula. Tuliuvika koti la Baba, tukauwekea ile kofia, tukauzika. Wana wa Reli walisimama uani bila umeme wala magitaa, wakaimba kwa midomo tu. Sisemi kwamba tulipona siku hiyo. Mdogo wangu alisema neno lake la kwanza wiki mbili baadaye, akiomba chumvi.

Vijana wale waliondoka, na sijui waliishia wapi. Hawakuacha hata santuri moja. Leo wajukuu wangu wana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, lakini wimbo ule haumo, tumeutafuta. Mwaka jana tulimzika Mama kando ya kaburi la ule mgomba. Kulikuwa na mahema, spika zenye ukubwa wa kabati, na kijana wa muziki aliyepiga nyimbo za kila aina bila kupumzika. Nilishindwa kulia. Nikamwendea nikamwambia, "Boss, zima kidogo." Nikaanza kuuimba wimbo ule mbele ya watu, mimi bibi mzima mwenye sauti ya kukwaruza. Katikati maneno yakanipotea, nikanyamaza. Nikangoja. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza nani ameniambia ninyamaze.