Mama Mdogo Aonje Kwanza

Mama mdogo alivuka mpaka kutoka Goma na kichupa cha rangi ya kahawia, akakiweka mezani mbele ya mama yangu kama mtu aliyeleta mkate.

"Iko sumu ya nyoka yenyewe," alisema. "Matone tatu kila asubuhi, kansa haitembei tena."

Mama alikuwa na kansa ya titi. Daktari alisema haijasambaa, ila asikose dripu ya dawa ya kansa hata moja. Kesho yake tulikuwa tupande basi la Kigali kwa ajili ya dripu hiyo. Iliyotangulia ilimtapisha mpaka akaniomba nimwache afe. Sasa akakikamata kile kichupa. "Bon, kama hii inatosha, Kigali siendi." Mfa maji haachi kutapatapa, najua, lakini nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

Mimi nafundisha biolojia. Nikajikaza, nikawaambia ni kweli, watafiti wanachambua sumu ya nyoka, wanatenga protini zilizomo, na baadhi zinazuia seli za kansa kujishikiza na kuhamia sehemu nyingine ya mwili. Lakini hayo bado ni ya maabara, kwenye vyombo na panya. Protini ukiimeza, tumbo linaisaga kama nyama. Na hii ya sokoni, nani anajua ni nini?

"We umesoma sana," mama mdogo alinijibu. "Dada yangu anateseka, na we unaleta darasa."

Iliniuma, maana alimpenda kweli. Mama tayari alikuwa anafungua kizibo. Hapo nikakumbuka jambo lisilohitaji darasa. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ndipo unywe bila hofu. Hata pombe ya harusi.

"Mama mdogo, onja basi," nikasema.

Alicheka. Sisi hatukucheka, naye akaacha. Akadondosha tone kwenye kijiko, akakiinua, kikaishia kidevuni. Akakirudisha mezani.

"Mi siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Niko na batoto."

Mama akakifunga kichupa. Kisha akaninyooshea mimi kidole.

"Na huyu ni mutoto ya nani?"

Mama mdogo alilia. Asubuhi tulipanda basi la Kigali sote watatu.