Picha ya Kutangulia Jeneza

Hapa Bungu ukimwona Silvano anapanda kuja kwenu na mkoba wa kamera begani, unauliza kwanza nani anaumwa. Harusi siku hizi wanajipigia wenyewe kwa simu. Lakini ile picha inayobebwa na mjukuu mbele ya jeneza, kutoka nyumbani hadi kanisani na kaburini, watu walimwachia yeye. Ndiyo maana wazee walimkimbia. Mzee Alen aliwahi kujificha kwenye migomba, mtu mzima na mvi zake, kumbe Silvano alikuwa amekuja kuazima jembe.

Kamera yenyewe aliachiwa na mgeni wa Kijerumani aliyetembelea usharika. Ilikuwa ya kidijitali, ya zile za mwanzomwanzo zilizotengenezwa bila kile kioo cha kuakisi picha ndani, ndogo kuliko nyingine, lakini lenzi inatoka na unaweka nyingine. Ukitaka Silvano akununie, mwambie imepitwa na wakati.

Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyemtaka kuliko wote ndiye aliyemkosa: Bibi Jenoveva, mama yake mzazi. "Mimi bado nalima," bibi alikuwa akisema. "Ukinipiga wewe, watu wataanza kutafuta mbao." Silvano alicheka, lakini ilimuuma. Baba yake alizikwa kwa msalaba mtupu, bila sura, naye aliapa kwamba mama hataondoka hivyo.

Masika ya mwaka jana ukungu ulikaa kijijini wiki baada ya wiki, hata chumvi ikawa maji. Silvano akaogopa lenzi itaota kuvu. Mama yake akampa ushauri ambao yeyote wa milimani angempa: kitu usichotaka kioze unakipandisha kwenye uchaga, juu ya mafiga, pamoja na mbegu ya mahindi. Mbegu zetu hukaa kwenye moshi mpaka msimu mwingine na hazipati mdudu. Silvano akatoa lenzi, akailaza pembeni, na kamera akaiacha wazi kinywa ili moshi uingie mpaka ndani. Hakuna aliyeona ajabu.

Mvua zilipokatika, bibi hakwenda tena shambani. Kifua kilimshika. Asubuhi moja mimi, jirani yao, nilikuwa nimempelekea maziwa, akamwita mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ilete hiyo kamera yako. Nimechoka kukimbia."

Alikuwa amevaa kitenge cha umoja wa wanawake na kilemba cheupe, ameketi kwenye kiti mlangoni. Silvano alishusha kamera uchagani kwa furaha, nakumbuka hilo, akairudishia lenzi. Ikawaka. Lakini kwenye kioo cha nyuma mama yake alionekana nusu, nusu nyingine ni masizi.

Akatoa lenzi, akapuliza, akafuta ndani kwa pindo la shati. Ndivyo alivyofanya miaka yote kwa kamera yake ya zamani ya filamu. Katika ile, unachokutana nacho ukitoa lenzi ni kioo tu, na hata ukikikwaruza picha haidhuriki. Katika hii kioo hakuna. Alichokuwa akisugua ni kile kibamba chenyewe kinachopokea picha, na masizi ya jikoni yana majivu na mchanga. Aliporudisha lenzi, michirizi ikapita, kisha giza. Giza halikuondoka.

"Bado?" bibi aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Bibi akanyanyua kidevu, akacheka. Mwanamke aliyeficha meno yake maisha yote kwa kiganja alicheka mdomo wazi. Silvano akabofya. Kamera haikulia, basi akaliza ulimi mwenyewe: kcha.

"Imetoka?"

"Imetoka vizuri sana, mama."

Nilimfuata uani. "Mwambie ukweli, uazime simu ya mtu." Akaniambia hawezi, mama amefurahi. Nilimkasirikia, na hasira hiyo bado ninayo. Kesho yake akamleta bintiye Loveness na simu ya kuazima. Bibi akageukia ukutani. "Nimeshapigwa. Kupigwa mara ya pili ni kukiita kifo."

Fundi wa Lushoto mjini aliifungua kamera, akaifunga, akamrudishia.

Siku zilizobaki bibi alizitumia kujisifu. Kila mwanamke wa umoja aliyekuja kumwombea aliambiwa: "Mtaiona siku hiyo. Nimecheka." Silvano alikuwa akitoka nje.

Bibi alifariki kabla ya mahindi kukauka. Picha pekee ilikuwa ya kadi ya mpiga kura, ikakuzwa mjini mpaka ikawa ya kijivu: midomo imefumbwa, macho yamemkodolea karani. Loveness akaibeba mbele ya jeneza.

Kwenye kona ya kushukia kanisani wanawake wa umoja walitupokea. Mama Janeth, rafiki wa bibi tangu usichana, akasogea, akaitazama ile picha. Akasema kwa upole, bila ubaya wowote:

"Silvano baba, siyo hii. Mwenyewe alituambia amecheka."

Silvano akamsogelea Loveness. Akaichukua ile picha mikononi mwa bintiye, akaigeuzia kifuani kwake, sura ndani, na akatembea nayo hivyo hadi kaburini.