Mdomo wa Fukusi

Mwanangu, iko siku moja ya Januari nisiyoisahau. Jua la Kitale lilikuwa kali, nami nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mahindi ili shangazi yangu asilifungue. Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki wote wawili. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikashika jembe. Wadogo zangu walikuwa watatu. Baada ya matanga, baba zetu wadogo walitaka kuwagawana: mmoja aende Endebess, mmoja Bumula, yule wa mwisho Naitiri. Niliwasihi mpaka wakakubali tukae pamoja, kwa sharti kwamba chakula chetu kifike hadi mahindi mabichi ya mwaka uliofuata. Kisipofika, kila mtoto afungashe nguo zake.

Tulivuna vizuri. Lakini ghalani kulikuwa na mabaki ya mahindi ya mwaka uliotangulia, nami kwa kutaka magunia yaonekane yamejaa, niliyachanganya na mapya. Nikashona magunia, nikafunga mlango. Wiki chache baadaye niliona unga laini sakafuni. Nilijua ni fukusi, wadudu watoboao nafaka, wametoka kwenye yale ya zamani. Nikafagia, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikisema, baba wadogo watasikia na watoto wataondoka.

Ndipo akaja Shangazi Nafula, dada ya baba, kutoka Bungoma. Aliingia ghalani, akapenyeza mkono kati ya magunia, akautoa haraka kwa joto alilolikuta.

"Nekesa, haya mahindi yana homa. Toka hapo juu."

"Ni jua tu, shangazi."

"Ati jua limeingia humu likajifungia? Toka bana. Ama unaatamia mayai?"

Wadogo zangu waliangua kicheko mlangoni. Nikashuka. Alikata uzi wa gunia, akachota, akaniwekea fukusi mmoja kwenye kiganja.

"Unaona hii kama pua ndefu? Mdomo wake uko huku mwisho. Jike hutoboa punje nayo, akataga yai, akaziba tundu. Ukiangalia kwa nje, punje ni nzima. Mtoto wake yuko ndani anakula. Chozi, yule ndege mdogo, naye ana mdomo mrefu, lakini akishanyonya ua la mgomba anaenda zake, na ua linabaki. Huyu anakaa. Na wewe ukamfungia mlango ili asisumbuliwe!"

Nililia. Nikamuuliza kama sasa watoto watachukuliwa.

"Wachukuliwe na nani, na mimi niko hapa? Leta turubai."

Tulianika mahindi uani siku tatu. Fukusi hawapendi jua. Walitoka wakikimbia, na kuku wetu walikuwa wanawangoja. Tulipepeta, tukachekecha, tukachanganya nafaka na majivu makavu. Yaliyotobolewa yakawa chakula cha kuku. Nayo yalikuwa mengi, sitakuficha.

Kisha shangazi akampigia mkubwa wa wale baba wadogo, akanipa simu yake. "Mwambie baba yako mdogo mwenyewe." Nilimwambia yote.  Akasema, "Nakuja Jumamosi na gunia moja la kuongezea. Siku nyingine usingoje hivi." Mwezi wa saba tulichoma mahindi mabichi ya kwanza, sote wanne tukiwa jiko moja.

Kwa hiyo mwanangu, nakuomba hivi. Ukiona kosa lako lingali changa, mwite mtu unayemwamini, umwonyeshe, hata kama atakucheka. Mimi nilidhani naitunza familia kwa kunyamaza, kumbe nilikuwa naipoteza polepole. Usione haya kusema "nimeshindwa hapa." Watu wengi huwa tayari kusaidia kuliko unavyodhani.

Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, na watu wa kukusikiliza bila kukudharau. Na ndugu zako wasikose kamwe mahali pa kukutana mezani.